Tathmini: Matembezi ya Kisumu kwa Miguu, na Mtu Anayeyaongoza

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, nilimpeleka shangazi yangu Kisumu kwa matembezi ya kulizunguka jiji kwa miguu. Shangazi alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini humo na akakulia humo mpaka mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli la nchi tatu likagawanywa, na babu akaamua kurudi Kakamega na watoto wake. Tangu hapo amepita Kisumu mara nyingi, akishuka steji na kupanda gari jingine, lakini hakuwahi kurudi kuutembea mji. Nilitaka atembezwe na mtu ambaye kuujua mji huo ndiyo kazi yake, si na mimi ambaye ningeishia kumwonyesha maduka.

Matembezi huanza saa moja asubuhi mbele ya kituo cha zamani cha reli na kumalizika katika Makumbusho ya Kisumu mnamo saa nne na nusu, kabla jua la ziwani halijawa kali. Siku ile tulikuwa watu sita: mimi na shangazi, mume na mke kutoka Nakuru, na wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Idadi hiyo ilifaa sana. Mwelekezi alituambia kwamba hapokei zaidi ya watu wanane, kwa kuwa kundi likizidi hapo, walio nyuma huacha kusikia na kuanza kuzungumza mambo yao.

Alianza kwa namna ambayo sikuitarajia. Hakutusomea tarehe wala hakujisifu. Alimuuliza kila mmoja wetu amewahi kuwa na uhusiano gani na Kisumu, akasikiliza majibu yote bila kumkatiza mtu. Shangazi alipofikiwa alinyosha mkono kuelekea nyuma ya kituo na kusema, "Mimi, mwanangu, nimezaliwa pale." Mwelekezi alivua kofia. "Basi leo mama ndiye atakayetuongoza," alijibu, "na mimi nikikosea unirekebishe mbele ya watu wote." Nilidhani ni adabu tu ya kumfurahisha mzee. Baadaye niligundua kwamba alimaanisha alichosema.

Maelezo yake kuhusu reli yalikuwa bora kuliko ninavyofundisha mimi darasani, na nimefundisha historia kwa miaka mingi. Wengi wetu tunajua kwamba reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, na kwamba mahali ilipoishia paliitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Yeye aliyataja hayo kwa sentensi moja na kuendelea na swali: kwa nini reli iliyojengwa yote ndani ya Kenya iliitwa Reli ya Uganda? Wanafunzi walinyamaza. Akaeleza kwamba wakati reli inafika, eneo hili la ziwa lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka wa 1902. Kwa hiyo reli ilipofika Kisumu ilikuwa imefika Uganda kweli. Kutoka hapo mizigo na abiria walivuka ziwa kwa meli hadi upande wa pili, na ndiyo maana bandari hii ilikua haraka. Kisha akatuonyesha upande mwingine wa jambo lilelile, yaani kwamba reli iliyopitia Nakuru na Eldoret ilipofika Kampala mwaka wa 1931, mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupita hapa, na Kisumu ikabaki mwisho wa tawi badala ya kuwa mlango. Alisema haya huku ameelekeza uso wake bandarini, ambako korongo za kupakulia mizigo zilikuwa zimesimama kimya, na sikuhitaji ramani kuelewa jinsi mji unavyoweza kuathiriwa na kilomita chache za chuma zilizowekwa mahali pengine.

Tukiwa njiani kuelekea Barabara ya Oginga Odinga nilimuuliza alivyoingia katika kazi hii. Hakulijibu swali hilo mara moja. Alilijibu vipande vipande asubuhi nzima, kila tulipofika mahali panapohusika. Naamini safari hiyo ya maisha yake ndiyo inayoyapa matembezi haya thamani, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoisikia.

Alizaliwa katika mtaa wa Nyalenda, hapohapo Kisumu, mwaka wa 1980 na akamaliza kidato cha nne bila karo ya kuendelea. Kazi yake ya kwanza ilikuwa boda boda ya baiskeli, ile yenye kiti cha sponji nyuma, ambayo vijana wadogo wa Kisumu leo hawaikumbuki vizuri. Kwa karibu miaka kumi alibeba watu kati ya steji, Kibuye, Kondele na Dunga, na anasema kwamba mtu akiendesha baiskeli yenye abiria huyajua mabonde na miinuko ya mji kwa magoti yake. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikajaa, na baiskeli zikakosa abiria. Hakuwa na fedha za kununua pikipiki.

Kilichomwokoa ni kwamba Kisumu ni mji wa watafiti. Wanakuja kuuliza juu ya malaria, Ukimwi, maji, samaki na makazi, na kila mmoja wao anahitaji mwenyeji wa kumwonyesha njia na kumfasiria. Mmoja wa abiria wake wa zamani alimwita awapeleke watafiti Nyalenda na Manyatta, nyumba kwa nyumba, akitafsiri Kijaluo kwa Kiswahili na Kiingereza. Huko alijifunza mambo mawili ambayo bado anayatumia: kuuliza swali na kuacha nafasi ya jibu, na kuandika jibu hilo siku hiyohiyo kabla halijageuka kichwani. Mradi ulipokwisha, yeye na wenzake walipewa barua za shukrani na kuagwa. Sitasahau alivyotamka maneno hayo, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Alianza kwenda makumbusho kama mtu wa kujitolea, akifagia na kubeba viti wanafunzi walipozuru, na jioni akisoma chochote alichoruhusiwa kusoma. Aliyekuwa akiwatembeza wageni alipougua, yeye akasimama mahali pake. Hapo ndipo aliposhauriwa kufanya mtihani wa chama cha waelekezi wa kitaalamu wa safari, kijulikanacho kwa herufi KPSGA, ambacho huwapanga waelekezi katika ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Alishindwa mara ya kwanza. Alikuwa amejiandaa kuhusu Kisumu peke yake, mtaa kwa mtaa, ilhali mtihani ni wa nchi nzima na unauliza kuhusu wanyama, ndege, mimea, mbuga, jamii na sheria. Mtu anayekusudia kuwaonyesha wageni mnara wa saa na soko la samaki hulazimika kwanza kujua tofauti ya chui na duma na majina ya ndege ambao huenda asimwonyeshe mgeni hata mmoja. Niliona jambo hilo kuwa gumu kidogo kwa watu wa mijini. Yeye hakukubaliana nami. Alisema kwamba kusomea ndege ndiko kulikomfanya autazame upya mwambao wa Dunga, ambako mafunjo yanawahifadhi ndege wasioishi mahali pengine ila katika mafunjo, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amepita pale kwa baiskeli mara elfu bila kuinua macho. Alipofanya mtihani mara ya pili alipata shaba, akachukua leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo anaivaa shingoni na kumwonyesha yeyote anayetaka kuiona. Sasa anajiandaa kwa ngazi ya fedha.

Tulipofika kwenye mnara wa saa alitueleza kwamba ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, na kwamba ulizinduliwa mwaka wa 1938. Alitusomesha maandishi yake polepole. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayerudia jambo alilolisema mara nyingi, kwamba kwa miaka mingi mji mzima wa Kisumu ulipanga siku yake kwa saa ile.

"Hapana, mwanangu," shangazi alisema. "Saa hii ilikuwa ya watu wa madukani. Sisi wa nyumba za reli tuliamshwa na king'ora. Kikilia, baba anatoka; kikilia tena, mama anajua chakula kiwe mezani. Mimi saa hii nilikuja kuiona nilipotumwa dukani, na wala sikujua kuisoma."

Watu wa Nakuru walicheka kwa wema. Mwelekezi hakucheka. Alitoa daftari dogo mfukoni, akamwomba shangazi arudie, akaandika akiwa amesimama, huku pikipiki zikitupita. Akamuuliza king'ora kilisikika mpaka wapi, na kama wanawake wa nyumba nyingine walikifuata pia. Ninawajua watu wenye shahada kubwa ambao wangejitetea pale. Kwa maoni yangu, dakika tano zile peke yake zilitosha kulipia matembezi, kwa sababu tulimwona mtu akiifanya kazi yake badala ya kuikariri.

Jambo la pili lililonigusa ni alivyoeleza matukio ya mwaka wa 1969. Waelekezi wengi huyaruka, na wengine huyatumia kuwachochea wasikilizaji. Yeye alisimama chini ya mti kando ya barabara inayobeba jina la Oginga Odinga, akasubiri tukaribie, akaanza na Tom Mboya, waziri aliyekuwa Mjaluo, kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo, ili tuelewe mioyo ya watu wa Nyanza ilikuwa katika hali gani. Halafu akaja tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alipofika kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ambayo hadi leo wazee huiita Russia ingawa sasa ina jina la Jaramogi, yaani Odinga. Alieleza maneno makali yaliyorushwa hadharani kati ya Kenyatta na Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, ghasia zilizofuata, na risasi zilizofyatuliwa katika umati, watoto wakiwemo. Alisema kwamba serikali ilitaja vifo 11, na kwamba wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Baada ya siku chache chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Hakuongeza maoni yake. Mwanafunzi mmoja alipouliza kwa nini hatuendi hospitalini penyewe, alijibu kwamba pale kuna wagonjwa, na wagonjwa si maonyesho. Shangazi, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka huo, alisema tu kwamba siku ile mama yake aliwafungia ndani mpaka usiku. Hilo halikuandikwa kwenye daftari. Mwelekezi aliinamisha kichwa, tukaendelea kutembea.

Soko la Jubilee lilikuwa na uhai mwingi, na pale ndipo nilipoelewa faida ya miaka yake ya baiskeli. Wanawake wa samaki walimwita "jatelo", neno la Kijaluo lenye maana ya kiongozi au mtu anayetangulia, na hakuna aliyetukasirikia kwa kusimama mbele ya meza yake, kwa sababu ana kanuni aliyotuambia kabla hatujaingia: hakuna kupiga picha bila kuomba, na kila kundi linunue kitu, hata kama ni debe ndogo ya omena, yaani dagaa. Alitueleza habari za mbuta, yaani sangara, ambaye aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na kuwala samaki wengi wa asili, na kwamba samaki anayeuzwa leo kwa jina la ngege mara nyingi si ngege yule wa zamani bali tilapia wa Nile, ambaye naye aliletwa kutoka kwingine. Mama mmoja alidakia kwamba siku hizi kuna hata tilapia wa barafu kutoka Uchina, na kwamba mteja makini hutazama macho na mashavu kabla ya kutazama bei. Alifungua shavu la samaki wake kutuonyesha wekundu. Tulinunua ngege wawili, ambao walikaangwa tukiwa bado sokoni, na hatukuona sababu ya kutafuta kifungua kinywa kingine.

Makumbusho, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1980, ndiyo sehemu niliyoona imefupishwa kupita kiasi. Kuna boma la Kijaluo lililojengwa humo, liitwalo Ber-gi-dala, ambalo linastahili saa nzima: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ikiutazama mlango wa boma, simba, yaani nyumba ndogo za vijana wa kiume, zikiwa karibu na lango, na maghala yamepangwa kwa utaratibu ambao mwelekezi alianza kuueleza vizuri sana. Lakini muda ulikuwa umetuishia, na tulipata kama dakika 20 tu. Tena kiingilio cha makumbusho hakikuwa ndani ya malipo yetu, na hatukuwa tumearifiwa. Kiasi chenyewe si kikubwa, ila mgeni hapaswi kukifahamu akiwa amefika mlangoni. Nilimweleza mwelekezi hivyo, naye akakubali kwamba ni kosa.

Dosari nyingine ni mbili. Kwanza, kwa muda wa saa mbili na nusu za mwanzo hapakuwa na kituo cha kupumzika wala cha kujisaidia, na kwa mtu wa umri wa shangazi, mwenye goti linalomsumbua, hilo ni jambo kubwa. Njia za waenda kwa miguu katikati ya jiji zimetengenezwa vizuri na si tatizo. Kinachokosekana ni benchi na mapumziko ya dakika kumi. Anayeenda na mzee aombe jambo hilo mapema, kwa sababu mwelekezi yuko tayari kubadilisha njia akiambiwa.

Pili, na hili ndilo lililoniudhi zaidi, ni habari ya malipo. Mimi nililipia nafasi zetu kupitia wakala wa mtandaoni, shilingi 2,500 kwa kila mtu. Nilipomuuliza mwelekezi mwenyewe, aliniambia kwamba kinachomfikia katika hizo ni 1,500, na kwamba humfikia baada ya wiki mbili au tatu. Wakala hakuja kituoni, hakutembea, hajui jina la mama anayeuza mbuta, wala hakushindwa mtihani na kuurudia. Najua kwamba kumpata mgeni ni kazi pia na kazi hulipwa, lakini sehemu ile ni kubwa mno, na ucheleweshaji ule hauna sababu. Nashauri kwa dhati kwamba anayetaka matembezi haya aulizie waelekezi wenye leseni pale makumbusho au katika hoteli anayofikia, aombe kuona leseni, kisha amlipe mwelekezi mkononi au kwa M-Pesa. Akifanya hivyo atalipa pungufu, na mwenye kazi atapata zaidi.

Ninasisitiza hivyo kwa kuwa nilisikia jinsi mapato ya kazi hii yalivyo. Wageni huja kwa wingi Agosti na Desemba, na kuna miezi ambayo hupata kundi moja kwa wiki au hapati kabisa. Machi 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, simu yake ilinyamaza kabisa. Na mwaka uohuo ziwa lilifurika na kumeza sehemu za ufuo wa Dunga, kwa hiyo hata wageni wa ndani hawakuwa na pa kwenda. Aliuza omena Kibuye kwa zaidi ya mwaka mmoja. Leseni yake iliisha muda, na alipokuwa akikusanya fedha za kuirudisha, mkewe alimshauri aache. Mei 2022 mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ulipofanyika Kisumu na wajumbe kutoka bara zima wakajaa mjini, aliwatembeza watu kila siku kwa siku tano, asubuhi na jioni, na kwa malipo hayo akasimama tena. Nilimuuliza kama angependa mwanawe airithi kazi hii. Alifikiri kidogo, akasema angependa airithi akiwa tayari na kazi nyingine.

Kwa hiyo, je, ninayapendekeza matembezi haya? Ndiyo, bila kusita, kwa mwenyeji wa magharibi mwa Kenya kabla ya mgeni wa ng'ambo, maana mgeni atafurahia chochote atakachoonyeshwa, ila sisi ndio tunaopita Kisumu kila mwezi tukidhani tunaijua. Walimu wenzangu wanaoleta wanafunzi wawagawe katika makundi madogo na wamweleze mwelekezi mapema darasa linasoma nini. Wanaotaka kufika Dunga wapande tuktuk baada ya makumbusho, wala wasijaribu kuunganisha yote kwa miguu katika asubuhi moja.

Wiki mbili baada ya sisi kurudi Kakamega, simu ya shangazi iliita tukiwa tumekaa uani. Alikuwa mwelekezi. Baada ya kumjulia hali na kuuliza habari za goti, alisema amekutana na mzee mwingine wa nyumba za reli ambaye anashikilia kwamba king'ora kililia mara tatu kwa siku, si mara mbili, na alitaka kujua mama anasemaje. Shangazi alifumba macho kwa muda mrefu, midomo yake ikihesabu. "Mwambie huyo mzee," alisema hatimaye, "cha saa sita nilikuwa nimekisahau. Andika tatu."